Mtunza Vitabu wa Oxford

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu mwenye elimu kubwa hana budi kuwa na uso uliokunjamana, na ya kuwa michezo ni kazi ya watoto wasio na akili. Tena wako wadhanio ya kuwa kumhurumia mnyama ni unyonge usiomfaa mwanamume. Lakini mtu akisoma habari za Charles Lutwidge Dodgson, aliyekuwa mtunza vitabu na mwalimu wa hesabu katika mji wa Oxford, nchi ya Uingereza, ataona ya kuwa mawazo hayo mawili yote ni potofu. Mtu huyu alikuwa na elimu nyingi, naye alicheza maisha yake yote. Alikuwa mpole kwa viumbe vidogo, wala hakumwogopa mkubwa yeyote alipotaka kuvitetea. Watu wa dunia humjua zaidi kwa jina lake la kuandikia vitabu, nalo ni Lewis Carroll.

Alizaliwa tarehe 27 Januari, 1832, katika kijiji cha Daresbury, ambako baba yake alikuwa kasisi. Nyumba ile ilikuwa na watoto 11, wa kike saba na wa kiume wanne, na Charles alikuwa wa tatu, tena wa kiume wa kwanza. Kijiji chenyewe kilikuwa kimya, watu wakipita kwa nadra. Kwa hiyo mtoto huyu alijitafutia marafiki palepale bustanini. Aliwafuga konokono na vyura, akazungumza nao kama watu. Mpwa wake, aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1898, asimulia ya kuwa hata minyoo ya ardhini iligawiwa vipande vidogo vya mtemba, iwe na silaha kama ikipenda kupigana vita. Hakuna aliyesikia kwamba minyoo ilipigana.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, baba yake alihamishwa, akapewa kanisa la Croft, upande wa kaskazini. Nyumba ya huko ilikuwa na bustani kubwa, na Charles akaifanya bustani hiyo kuwa nchi nzima. Alitwaa kigari cha mkono na pipa na vitu vingine vichakavu, akaviunganisha, akapata gari la moshi la kuwachukua ndugu zake kutoka stesheni moja hata nyingine kando ya njia za bustani. Tikiti zilikuwapo, na sheria pia zilikuwapo, zimeandikwa vizuri. Sheria mojawapo ilisema kwamba abiria aliyeanguka asiinuke. Sharti alale palepale hata apitiwe na magari matatu, ndipo astahili kuonwa na daktari. Ndugu zake walicheka sana, lakini walitii, kwa kuwa mchezo usio na sheria si mchezo, ni fujo tu. Pia alifanya mazingaombwe mbele yao, naye amevaa nywele za bandia na joho jeupe. Tena kwa msaada wa seremala wa kijiji alitengeneza jukwaa dogo la vikaragosi, akawachezesha kwa nyuzi.

Hata hivyo mtoto huyu mcheshi alikuwa na taabu yake. Alikuwa na kigugumizi. Neno lilimkwama kinywani, hasa mbele ya wageni, wala halikutoka hata kwa kulazimishwa. Kila mwenye kigugumizi ajua aibu ya kuulizwa jambo darasani, naye jibu analo, lakini ulimi umekataa, na wenzake nyuma wanaanza kucheka. Charles alipelekwa shule ya Richmond mwaka 1844, kisha shule kubwa ya Rugby mwaka 1846. Maisha ya shule zile za bweni yalikuwa magumu, wakubwa wakiwaonea wadogo. Mpwa wake aandika ya kuwa watu waliomjua katika uzee wake wangeona shida kusadiki, lakini shuleni jina lake lilikumbukwa miaka mingi kuwa ni mvulana aliyejua kutumia ngumi zake kutetea haki. Kwa hiyo upole wake wa baadaye haukuwa upole wa mwoga. Ni upole wa mtu aliyeujua uonevu, akachagua kutouonea ulimwengu.

Mwezi wa Januari, 1851, alikwenda kukaa katika chuo cha Christ Church, Oxford. Hakukaa siku nyingi, akaitwa nyumbani, kwa maana mama yake amefariki. Akamzika mama yake, akarudi kwenye masomo, na mwaka 1854 akafaulu katika hesabu kwa daraja la kwanza. Mwaka uliofuata, 1855, akapewa kazi ya kuwa msaidizi wa mtunza maktaba wa chuo, kwa mshahara wa pauni 35 kwa mwaka. Mshahara huo haukuwa wa kumtajirisha mtu, lakini kazi yenyewe ilimfaa. Mtunza vitabu hukaa katikati ya hekima ya watu waliokufa, akiwahudumia watu walio hai. Kazi yake ni kujua kila kitu kilipo, na kumpa kila mtu kitu anachokitaka kwa wakati wake. Bwana Dodgson alipenda taratibu kuliko watu wote. Na zaidi ya hayo, chumba cha kazi yake kilikuwa na dirisha la kutazama bustani ya mkuu wa chuo.

Mkuu huyo alikuwa Henry George Liddell, mmoja wa waliotunga kamusi kubwa ya Kiyunani. Alipewa ukuu wa chuo mwaka uleule wa 1855, kisha jamaa yake wakahamia chuoni, na watoto wake walikuwa wakicheza chini ya dirisha la maktaba. Walikuwa na paka wao, jina lake Dinah. Basi tarehe 25 Aprili, 1856, Bwana Dodgson na rafiki yake waliingia katika bustani ile na sanduku la kupigia picha, wapate kulipiga picha kanisa kuu. Picha ya kanisa haikufaa, lakini siku ile alifahamiana na wasichana watatu wa Bwana Liddell, Lorina, Alice na Edith. Alice alikuwa hajatimiza miaka minne bado.

Zamani zile kupigwa picha ilikuwa kazi ya kuchosha. Mtu aliyepigwa picha sharti atulie kimya kwa muda mrefu, la sivyo uso wake hutoka kama moshi. Watoto wapi waweza kutulia hivyo? Bwana Dodgson aliwatuliza kwa hadithi. Aliwasimulia, akawachorea vijipicha kwa wino akiwa katika kusimulia, nao wakasahau kuchoka. Mwaka 1857 aliiacha kazi ya maktaba, kwa sababu ya kazi yake ya kufundisha hesabu, lakini hakukiacha chuo. Alikaa Christ Church hata mwisho wa maisha yake, wala hakuacha tabia ya mtunza vitabu: kila kitu alikiandika, akakipa namba, akakiweka mahali pake. Tangu tarehe 1 Januari, 1861, alikuwa na daftari la barua zote alizopokea na alizopeleka. Alipokufa, namba ya mwisho katika daftari hilo ilikuwa 98,721.

Tarehe 4 Julai, 1862, Bwana Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua wasichana wale watatu katika mashua, wakapiga makasia kwenda juu ya mto mpaka mahali paitwapo Godstow. Watoto wakaomba hadithi. Ndipo akaanza kusimulia habari za msichana Alice, aliyemfuata sungura mweupe, akaanguka katika shimo refu, akatokea katika nchi ambayo mambo yote huenda kinyume. Hadithi hiyo haikuandikwa mahali popote. Ilitoka kichwani mwake hapohapo mtoni. Na ilipokwisha, Alice halisi, aliyekuwa na umri wa miaka 10, akamwomba amwandikie.

Watu wazima wengi wangeitika, "Vema, nitakuandikia," kisha wakasahau. Bwana Dodgson hakusahau. Aliiandika hadithi yote kwa mkono wake, herufi safi kama za chapa, akaitia picha 37 alizozichora mwenyewe. Na mwezi wa Novemba, 1864, akampa Alice kitabu hicho kiwe zawadi. Ahadi aliyopewa mtoto ni deni kama ahadi aliyopewa mfalme, na miaka miwili ya kazi ndiyo malipo aliyolipa. Rafiki zake walipokiona kitabu wakamsihi akipige chapa, watoto wengine nao wapate kucheka. Kikapigwa chapa mwaka 1865, na picha mpya zikachorwa na John Tenniel, mchoraji mashuhuri wa wakati ule.

Katika kitabu hicho yumo ndege aitwaye dodo. Ndege huyu hasa alikuwako katika kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi. Alikuwa mkubwa, mzito, hawezi kuruka, wala hakujua kumwogopa binadamu. Mabaharia walipofika kisiwani walimwua bila shida, na nguruwe na panya walioletwa na merikebu wakayala mayai yake. Hata kabla ya mwaka 1700 hakubaki hata mmoja duniani. Katika nyumba ya makumbusho ya Oxford vimehifadhiwa kichwa chake na mguu wake, na Bwana Dodgson alivifahamu. Husimuliwa ya kuwa alipotaka kutaja jina lake mwenyewe kigugumizi kilimshika, likatoka, "Do-Do-Dodgson". Basi akajiita Dodo katika hadithi, na rafiki yake Duckworth akawa bata. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mtu aliyechekwa tangu utoto kwa ajili ya ulimi wake alikitwaa kicheko kile mikononi mwa wenye dhihaka, akakifanya kuwa zawadi kwa watoto. Tena ndege aliyemchagua ni yule dhaifu aliyeangamizwa na watu. Na katika hadithi, dodo ndiye anayewaandalia wanyama mashindano ya mbio, na mbio zikiisha asema kwamba wote wameshinda, na wote sharti wapewe zawadi.

Michezo aliyoipenda haikuwa na idadi. Alicheza sataranji, na kitabu chake cha pili cha habari za Alice, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1871, chote kimejengwa juu ya mchezo huo: Alice aanza kuwa askari mdogo, aenda nyumba kwa nyumba hata afike mwisho na kuwa malkia. Katika kitabu cha kwanza wako wafalme na malkia wa karata, na mchezo wa kupiga tufe ambamo heroe ni magongo na kalunguyeye ni matufe. Na kila Alice atakapo kupiga, heroe hugeuza shingo akamtazama usoni, na kalunguyeye hujikunjua akaenda zake. Katika uzee wake alibuni hata mchezo wa biliadi wa kuchezwa juu ya meza ya duara.

Wakati wa Noeli, mwaka 1877, wasichana wawili walimlalamikia ya kuwa hawana la kufanya. Akawabunia mchezo usiohitaji mpira wala karata, ila maneno matupu. Hutajwa maneno mawili yenye herufi sawa kwa idadi, na mchezaji hulibadili la kwanza hata liwe la pili, akibadili herufi moja tu kila mara, na kila hatua sharti iwe neno lenye maana. Mchezo huu wawezekana vizuri katika Kiswahili. Kama mtu akiambiwa amgeuze PAKA awe BATA, atakwenda hivi: PAKA, PATA, BATA. Na akiambiwa augeuze MOTO uwe MAJI, ajapoona ya kuwa vitu hivyo ni adui, ataweza: MOTO, MITO, MITI, MIJI, MAJI. Sasa msomaji na ajaribu kumgeuza BABA awe MAMA kwa hatua tatu, bila kuuliza mtu. Mwaka 1879 mchezo huo ulitangazwa katika gazeti moja la London, na watu wazima wakaanza kukesha wakibadili herufi.

Wala michezo yake haikuwa ya kupoteza wakati. Mwaka 1883 aliandika kijitabu juu ya mashindano ya tenisi, kwa kuwa aliona ya kuwa watu hudhulumiwa bila kujua. Desturi ilikuwa hii: ashindwaye mara moja hutoka, na wa mwisho wawili hupewa zawadi ya kwanza na ya pili. Bwana Dodgson aliuliza: ikiwa yule aliye hodari wa pili akapangwa siku ya kwanza kucheza na aliye hodari kupita wote, itakuwaje? Atashindwa, atatoka mikono mitupu. Na zawadi yake itachukuliwa na mtu asiyemfikia kwa uhodari, ila amebahatika katika kupangwa. Basi akaeleza kwa hesabu jinsi ya kupanga mashindano ili kila mtu apate haki yake. Wengi wangesema, "Ni mchezo tu, kuna nini?" Lakini aliyezoea kudhulumu katika mchezo atadhulumu na sokoni.

Vivyo hivyo alifanya kwa elimu ya kufikiri sawasawa. Elimu hiyo watu waliiogopa kwa ugumu wake. Mwaka 1886 akaifanyia kitabu cha mchezo, pamoja na ubao wa karatasi ngumu na vidonge tisa, vinne vyekundu na vitano vya kijivu, ambavyo mtoto huvipanga katika vyumba ili aone kama neno fulani lafuata neno jingine au halifuati. Alikwenda mwenyewe kuufundisha katika shule ya wasichana ya Oxford. Alipenda mifano ya kuchekesha, kwa maana kichekesho hakisahauliki. Mtu akitaka kuuonja mchezo huo kwa mfano wa kwetu, aseme hivi: Fisi wote hupenda mifupa, babu hapendi mifupa, basi babu si fisi. Maneno hayo yafuatana. Lakini akisema: Fisi wote hupenda mifupa, mbwa wetu apenda mifupa, basi mbwa wetu ni fisi, amekosa, na mbwa ameonewa. Makosa ya namna hii ya pili ndiyo yawafanyayo watu kumshtaki jirani kwa wizi kwa sababu tu amevaa kanzu kama ya mwizi.

Barua zake kwa watoto zilijaa mzaha. Nyingine ziliandikwa kinyume, hata msomaji hana budi kuzishika mbele ya kioo. Nyingine zilianzia mwisho zikaishia mwanzo. Nyingine zilikuwa ndogo mno, karatasi yake haipiti stempu. Katika barua moja alisimulia kwa utulivu kabisa, kana kwamba ni habari ya kila siku, jinsi paka watatu walivyobisha hodi mlangoni pake, na jinsi alivyowapokea. Kila mtoto aliyepata barua kama hiyo alijua ya kuwa mtu mzima mwenye kazi nyingi ameketi, amemfikiria yeye peke yake.

Lakini juu ya wanyama hakufanya mzaha siku zote. Wakati ule waganga na wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiwapasua wanyama walio hai, mbwa na sungura na wengineo, wapate kujua jinsi mwili ufanyavyo kazi. Waliofanya hivyo walikuwa watu wenye sifa, na wengine walikuwa na vyeo. Mwaka 1875 Bwana Dodgson, mtu mwenye haya ambaye ulimi wake ulimkwama mbele ya wageni, alichukua kalamu akawapinga mbele ya taifa zima, mwezi wa Februari katika gazeti la kila siku, kisha mwezi wa Juni katika jarida la wasomi. Hakusema ya kuwa mwanadamu asimchinje mnyama kamwe. Alikubali ya kuwa mwanadamu ana haki ya kumwua mnyama, maadamu amwue bila kumtesa. Lakini mwenye kutia maumivu, asema, hana budi kutoa sababu iliyo kubwa sana. Tena alisema ya kuwa ubaya ulio mkubwa hauko katika mwili wa mnyama ateswaye tu, bali katika moyo wa mtu atesaye, kwa kuwa moyo huo hukauka, na uliokwisha kukauka kwa mnyama hautakuwa laini kwa mtu. Bwana Dodgson hakuwa peke yake, watu wengi walipiga kelele. Na mwaka 1876 Bunge la Uingereza likatunga sheria kwamba mtu asifanye kazi ya namna ile bila ruhusa ya serikali.

Habari hii aliirudia katika kitabu chake cha Sylvie and Bruno, cha mwaka 1889. Katika dibaji yake aeleza ya kuwa aweza kumsifu kwa moyo wote mtu ajitiaye taabuni, akahatirisha maisha yake, amwinde chui milia alaye watu. Lakini humstaajabia na kumsikitikia mtu ambaye, hali yeye mwenyewe yu salama na raha mustarehe, afurahia hofu na mauti ya kiumbe asiye na la kujitetea. Na katika kitabu chenyewe mtoto Sylvie amkuta sungura aliyeuawa na wawindaji, akamlilia kama mtu. Watu wa kwetu hawana shida kuufahamu mpaka huo. Kijana aliyesimama na mkuki kati ya simba na zizi la ng'ombe, wazee walimsifu, na kwa haki. Lakini mtoto ampigaye mbwa mwenye njaa kwa mawe, au amfungaye mjusi kamba avutwe huku na huku, amemshinda nani? Ameonyesha nguvu gani?

Fedha pia Bwana Dodgson aliitumia kwa jinsi moja na maneno yake. Kitabu cha kwanza cha Alice kilipopigwa chapa mwaka 1865, Tenniel alisema picha hazikutoka vizuri. Bwana Dodgson akakubali kupiga chapa upya, ingawa gharama ilikuwa yake mwenyewe, maana hakutaka kuwauzia watoto kitu kibovu. Na vile vitabu vya kwanza alivyorudishiwa akavipeleka hospitali, wagonjwa watoto wavisome. Mwaka 1886 alipotoa chapa ya kitabu kile cha mkono alichompa Alice, faida yake aliitenga kwa ajili ya hospitali za watoto. Alipata fedha nyingi kwa vitabu vyake, lakini hakubadili maisha yake; na mwaka 1880, alipoona ya kuwa kazi yake ya kufundisha imepungua, aliwaomba wakuu wa chuo wampunguzie mshahara. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Alifariki tarehe 14 Januari, 1898, katika nyumba ya dada zake mjini Guildford, kwa ugonjwa wa mapafu uliofuata mafua. Zilibaki siku chache atimize miaka 66. Rafiki zake na wasomaji wake hawakutaka kumkumbuka kwa sanamu ya shaba. Walichanga fedha, wakaweka kitanda katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, kwa kumbukumbu yake, mtoto mgonjwa alale juu yake. Hakika hakuna ukumbusho ambao ungempendeza zaidi.

Vitabu vyake vilisafiri mbali kuliko yeye. Hadithi ya Alice ilifika kwetu pia: mwaka 1940 ilipigwa chapa London kwa Kiswahili, jina lake Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Bibi Ida Hadjivayanis, iitwayo Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Sungura aliyekuwa mweupe huko Oxford alikutana na sungura wa hadithi zetu, wala hawakuonana wageni.

Na kile kitabu cha kwanza, kilichoandikwa kwa mkono? Alice alikitunza zaidi ya miaka 60. Mwaka 1928, hali amekuwa mjane, alikiuza mnadani kwa pauni 15,400, kikavushwa bahari mpaka Marekani. Lakini mwaka 1948 Wamarekani kadhaa walichanga fedha, wakakinunua, wakawarudishia Waingereza bure, kuwashukuru kwa ushujaa wao katika vita. Aliyekichukua kitabu hicho mpaka London alikuwa Luther Evans, mkuu wa maktaba ya Bunge la Marekani. Basi kitabu cha mtunza vitabu kilirudishwa na mtunza vitabu, kikawekwa katika maktaba, na mpaka leo kimo katika Maktaba ya Uingereza.

Kazi hizo zote zilitokana na ombi la mtoto mmoja ndani ya mashua, na mtu mzima aliyeona ya kuwa ombi la mtoto si dogo. Mwenye nguvu amhurumiaye asiye na nguvu, na mwenye elimu asiyeona haya kucheza na wadogo, huacha kitu duniani ambacho nondo hawali na kutu haikiharibu. Wema hauozi.